Chapati za Jumatano

Tangu alipokabidhiwa nondo ya kengele akiwa kidato cha pili, Imelda hakuchelewa shule hata siku moja. Walimu walimsifia mbele ya mstari, wazazi wa wenzake wakamtaja majumbani wanapowasema watoto wao, na yeye mwenyewe akaamini. Ilikuwa vigumu kutoamini. Shule ilikuwa haianzi mpaka afike.

Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori lililokufa zamani, imening'inizwa kwa mnyororo kwenye mkaratusi ulio mbele ya ofisi. Imelda ndiye aliyekuwa kiranja wa muda, mtunza saa wa shule, na nondo ya kuipigia rimu ililala kwao, nyuma ya mlango wa jikoni, kwa sababu ikiachwa shuleni ingeishia kwenye zege la mtu. Kwao palikuwa juu kidogo ya uwanja wa shule, nyumba ya bati la kijani. Ukitoka pale na haraka zako, unafika kwenye rimu hujamaliza kumeza ulichokuwa unatafuna.

Baba yake, Bwana Lucian, alikuwa mtu wa Tanga mjini aliyepanda Lushoto kuuza mbegu na mbolea, akasahau kushuka. Hawakuwa matajiri. Ndivyo Imelda alivyosema akiulizwa, na alisema kweli kwa kadiri alivyojua. Gari hawakuwa nalo. Walikuwa na pikipiki, jiko la gesi, bomba ndani ya ua, na chumba chenye kitanda, meza na taa ambacho kilikuwa cha Imelda peke yake, maana kaka yake alikuwa chuoni. Matajiri, kwa maoni ya Imelda, ni watu ambao geti lao hujifungua lenyewe.

Sheria ya asubuhi ilikuwa fupi. Kengele ni saa moja kamili. Ikishalia, kiranja wa muda anasimama getini na kaunta buku, na kila anayeingia baada ya hapo anaandikwa jina, darasa na sababu. Sababu zilizokubaliwa na ofisi zilikuwa tatu: ugonjwa, msiba, uzembe.

Aliyeandikwa kuliko wote alikuwa Evodia.

Evodia na Imelda walikuwa darasa moja, kidato cha nne, madawati yao yamepakana. Evodia alitokea kambi ya wafanyakazi wa shamba la chai, ng'ambo ya bonde, mwendo wa karibu saa mbili kwa miguu. Wazazi wake walikuja kutoka Kigoma kuchuma chai kabla yeye hajazaliwa, na walikuwa bado wanachuma. Asubuhi za ukungu humuoni anakuja. Kwanza unasikia yeboyebo za plastiki zikikokota matope, kisha unasikia "shikamoo" anayompa mlinzi, kisha ndiyo anatokea mtu, mrefu, mwembamba, viatu vyeusi vya shule kavishika mkononi ndani ya mfuko wa salfeti.

"Jina?" Imelda humuuliza.

"Unalijua."

"Ni utaratibu."

"Evodia."

"Sababu?"

"Mlima."

Imelda huandika uzembe. Mlima haukuwa na safu yake.

Wa kutania hawakukosekana. Jenipher, binti wa matroni Klara, aliyekaa palepale shuleni, alipenda kusimama karibu na geti ili ashuhudie. "Evodia, leo umekuja au umesombwa na maji?"

"Nimekuja. Na wewe umefunga safari lini kutoka chumbani kwenu?"

Watu wanacheka, Jenipher naye anacheka, halafu waliochelewa wanakwenda kuokota majani ya mkaratusi mpaka kipindi cha kwanza kiishe. Jumatatu, Jumanne na Alhamisi kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu. Kwa hiyo Evodia alijifunza hesabu kwa njia ya daftari la Imelda, ambalo aliazima saa nne wakati wa uji na kulirudisha kabla ya kengele. Imelda alimpa kila mara, wala hakumnyima hata siku moja. Alijiona mtu mwema.

Mwezi wa saba, shule ilipofunguliwa na baridi ikiwa kali hata mbwa wa mlinzi hataki kutoka, hosteli ya wasichana ikakamilika. Ilikuwa na vitanda vya deka, mmoja juu mmoja chini, nafasi ishirini na nne, zote kwa ajili ya kidato cha nne wajiandae na mtihani wa Novemba. Wasichana wa kidato cha nne walikuwa arobaini na mmoja. Mkuu wa shule alitaka haki itendeke, akaunda kamati. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikaamua nafasi wapewe wenye mahudhurio bora. Hosteli ni ya watu makini, mahudhurio yapo kwenye kaunta buku, na kaunta buku haina mjomba wala shangazi.

Orodha ikabandikwa dirishani Jumatatu mchana, ina muhuri.

Namba moja ilikuwa Imelda, kuchelewa mara sifuri. Hakukumbuka kuomba kitanda. Mama yake ndiye aliyejaza fomu, kwa kuwa zilipelekwa kwa kila mzazi, na kwao fomu ikiingia hujazwa. Evodia alikuwa namba thelathini na nane, kuchelewa mara sitini na tatu. Katikati palipita mstari mwekundu. Waliokuwa chini ya mstari, kwa bahati ambayo kamati haikuijadili, walikuwa karibu wote wa ng'ambo ya bonde.

Evodia alisoma, akatafuta jina lake kwa kidole, akalipata, akashuka bombani kunywa maji. Hakulia. Imelda alimfuata bila kujua anamfuatia nini.

"Pole," akamwambia.

"Ya nini?"

"Ya kitanda."

"Ahsante." Evodia alifunga bomba vizuri, maana lilikuwa linavuja. "Ila mimi mwaka huu nikifeli hesabu nitaingia shambani na mama. Nimeshapimiwa hata kikapu. Nilikitaka kile kitanda kweli."

Imelda akarudia pole.

"Nataka nikuulize kitu, usikasirike," Evodia akasema. Alitoa daftari la hesabu, akafungua ukurasa wa mwisho. Mwalimu alipowafundisha takwimu aliwaambia kila mtu akakusanye zake. Wengine walihesabu magoli ya ligi, wengine kuku. Evodia alikusanya kuchelewa kwake, kwa kuwa ndicho kitu alichokuwa nacho kingi. Palikuwa na jedwali lililochorwa kwa rula, la tangu Januari. "Tazama. Jumatatu nachelewa. Jumanne nachelewa. Alhamisi nachelewa. Jumatano sifuri. Ijumaa sifuri. Wiki zote."

"Labda Jumatano unatembea haraka."

"Miguu ni hiihii. Natoka kwa king'ora cha kiwanda, saa kumi na moja. Kabla ya hapo geti la shamba halifunguliwi hata ulie machozi. King'ora hakikosei, kikikosea kiwanda kizima kimekosea. Mvua nimeiandika pembeni, haihusiki." Alikuna sikio kwa kalamu. "Kwanza nilidhani ni Mungu. Halafu nikaona Mungu kwa nini achague Jumatano. Sasa nakuuliza wewe. Jumatano na Ijumaa kwenu kunakuwaga na nini?"

Imelda alifikiri kwa kweli. Alipita nyumba nzima kichwani, sebule, ua, jikoni, na alipofika jikoni akasimama.

"Chapati," akasema.

"Chapati?"

"Jumatano na Ijumaa mama anapika chapati."

Chapati kwao zililiwa za moto, moja moja kadiri zinavyotoka kwenye kikaango, na Bwana Lucian alipewa kwanza. Siku zilizobaki ulikuwa mkate wa dukani, ambao mtu huula akiwa amesimama. Siku za mkate Imelda alifika kwenye mkaratusi ikiwa saa moja kasoro dakika kumi na tano, wakati mwingine kasoro ishirini, na baridi ya Lushoto haimwonei huruma mtu aliyesimama bure. Basi alipiga kengele, akaandika saa moja kamili. Siku za chapati alipiga saa moja na dakika kumi, akaandika saa moja kamili. Saa ya ukutani ofisini ilikufa tangu mwaka juzi, ikabaki saa tano, na hakuna aliyejali kwa kuwa kengele ilikuwepo. Walimu wenyewe walifika saa moja na nusu. Saa ya mkononi Imelda alikuwa nayo. Aliivaa kwa sababu ilikuwa nzuri.

Evodia aliandika "chapati" juu ya Jumatano, akaandika "chapati" juu ya Ijumaa, kisha akapiga mstari chini kwa rula.

"Kwa hesabu ya king'ora, huwa nafika getini saa moja kasoro dakika kumi," akasema. "Kumbe nawahi."

"Umekasirika?"

"Nitakasirika nikifika nyumbani. Sasa hivi tuna fizikia."

Imelda alikaa kwenye kipindi cha fizikia akimtazama mwalimu mdomoni bila kusikia neno. Alikuwa ameshazoea kujijua kuwa ni mtu wa kuwahi, kama mtu anavyojijua kuwa ni mrefu. Sasa aliambiwa urefu ule ulikuwa wa stuli aliyosimamia. Jioni akaenda ofisini.

Mwalimu Ulimboka alikuwa makamu mkuu wa shule na mwenyekiti wa ile kamati, mtu wa Mbeya ambaye mwezi wa saba huvaa makoti mawili bila kuona haya.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nondo imepotea?"

"Ipo, mwalimu. Kaunta buku ndiyo ina makosa."

"Makosa gani?"

"Chapati, mwalimu."

Mwalimu Ulimboka aliweka kalamu chini. Imelda akaeleza yote, mkate na chapati, baridi, king'ora cha kiwanda na jedwali. Alipomaliza, mwalimu akafunga kifungo cha koti la nje.

"Kwa hiyo shule ya serikali, wanafunzi mia sita, inafunguliwa wewe ukishashiba."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nani mwingine anajua?"

"Evodia."

"Amejuaje?"

"Kwa takwimu."

Mwalimu akaguna. "Nondo utaileta leo hiihii. Ukiranja umeishia hapa. Na kesho utachimba shimo la taka nyuma ya jiko, futi nne kwenda chini."

"Ndiyo, mwalimu. Na orodha?"

"Orodha ipi?"

"Ya vitanda. Kama kaunta buku ni ya uongo, basi na orodha..."

"Imelda. Kaunta buku inaweza kuwa na makosa, ile ni ya mwanafunzi. Orodha imepigwa muhuri. Nakala imeshafika wilayani."

"Basi kitanda changu apewe Evodia."

"Kitanda si andazi, useme unamkatia mwenzio. Ukikiacha anaingia namba ishirini na tano."

"Ni nani, mwalimu?"

Mwalimu Ulimboka alivuta droo, akatazama karatasi, akairudisha polepole.

"Jenipher," akasema.

Nyumba ya matroni ilitazamana na mlango wa hosteli. Jenipher akipiga chafya akiwa kitandani kwao, hosteli ingeweza kumwitikia.

"Nenda ukapumzike," akasema mwalimu. "Kesho una shimo."

Kesho yake Imelda akachimba. Alikuwa ameshawahi kushika jembe, siku za bustani ya shule, lakini alikuwa kiranja, na viranja husimamia. Kufika futi ya kwanza viganja vilikuwa na malengelenge. Evodia alipita akielekea kumwaga maji ya kudekia, akasimama ukingoni.

"Umelishika kama unapigwa picha," akasema. "Mkono huu ushuke. Mguu mbele. Liache lianguke lenyewe, usilisukume."

Imelda akaliacha lianguke lenyewe. Likaanguka vizuri.

"Hawakubadilisha orodha," akasema.

"Najua. Jenipher ameniambia, alikuwa anasikiliza dirishani." Evodia aliinamisha ndoo, akamwaga maji taratibu. "Ukihamia hosteli, kile kitanda chako cha nyumbani kitalaliwa na nani?"

"Hakuna."

"Ehe."

Udongo mwekundu uliteleza kidogo ukarudi shimoni.

"Nitamuuliza mama," Imelda akasema.

"Mimi sijasema kitu."

"Najua hujasema."

Mama Imelda alikuwa anakanda unga aliposikia habari ile, na hakuacha kukanda. "Hebu nielewe. Wewe mwenye kitanda hapa unakwenda kulala kule. Asiye na kitanda kule anakuja kulala hapa."

"Ndiyo, mama."

"Sasa si mbadilishane tu, wewe ukalala pako na yeye akalala kule?"

"Haiwezekani. Kuna muhuri."

Mama akamgeukia mumewe. Bwana Lucian alikuwa na miaka kumi na minane ya kufuatilia leseni kwenye ofisi za watu.

"Kama kuna muhuri, kuna muhuri," akasema. "Aje."

Evodia akaja Jumamosi, na mama yake akamsindikiza. Mama yule alikuwa amebeba mkungu wa ndizi kichwani na jogoo kwapani, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai usiotoka hata kwa sabuni. Evodia ni mtoto wa sita na wa mwisho. Wa kwanza ana watoto wanaosoma. Mama akatua mkungu, akapiga goti kidogo mbele ya Mama Imelda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Mama Imelda.

Mdomo ulikuwa umetangulia. Imelda aliona uso wa mama yake ukijaribu kulirudisha lile neno, lakini lilikuwa limeshapokelewa. Mama wa Evodia alikuwa anatabasamu, wala hakuona kama kuna kilichoharibika. Wote wanne wakamtazama jogoo.

"Ni mzuri," akasema Mama Imelda.

"Ana kelele," akasema mama wa Evodia.

Imelda akahamia hosteli na godoro, ndoo na sanduku la bati. Alipewa kitanda cha chini. Kwenye nafasi yake aliweza kuona bati la kijani la nyumbani, na upepo ukigeuka alisikia baba yake akikohoa. Maharage ya hosteli yalikuwa na wadudu, ambao wenzake waliwaita nyama. Evodia aliingia darasani kila siku kabla ya kipindi cha kwanza, miguu mikavu. Daftari la hesabu la Imelda halikuazimwa tena. Imelda alilala usingizi mzuri. Aliona jambo limekwisha, tena limekwisha kwa sababu yake.

Wanahosteli waliruhusiwa kutoka Jumapili mchana. Jumapili mbili za kwanza Imelda alikuwa na kufua na kusuka. Ya tatu akaenda kwao.

Alimkuta Evodia uani anafagia. Mapipa yote mawili yalikuwa yamejaa maji. Masufuria yameanikwa yakimetameta, mengine Imelda hakujua kwamba yana rangi ile chini ya masizi. Kamba ilikuwa na nguo za Bwana Lucian, mashati matano, yameanikwa kwa mpangilio.

"Jamani huyu mtoto!" Mama Imelda akampokea mlangoni. "Saa kumi na moja ameshaamka. Hujamwambia kitu ameshafanya. Juzi nimemwachia duka dakika mbili tu nikaenda kwa fundi, narudi nakuta amepanga mbegu zote kwa herufi. Hata baba yako kashangaa."

Imelda alisema karibu mama, akasahau kuwa yeye ndiye anayekaribishwa. Akaenda uani.

"Usifagie bwana. Wewe ni mgeni."

"Mgeni wa wiki ya tatu?" Evodia hakusimama. "Nyanyua mguu."

Imelda akanyanyua mguu. "Hesabu umefika ukurasa wa ngapi?"

"Arobaini na sita."

"Wiki iliyopita darasani ulisema arobaini na nne."

"Nilisema kweli." Evodia akaegemeza kidevu kwenye mpini wa ufagio. "Nimepiga hesabu. Njia ilikuwa inanila saa nne kwa siku. Hapa kufagia, maji, vyombo, kufua na duka vinanila tatu na nusu. Nimepata nusu saa. Si haba."

"Si haba? Unatakiwa kupata nne! Kwa nini hukatai?"

"Nikatae nini? Nani kanituma? Mama yako hajawahi kunituma, ni mtu mzuri sana, ananipa hadi chapati." Alisema bila kukunja uso, kama mtu anayesoma maelezo nyuma ya pakiti. "Imelda, wewe ukikaa bila kufagia, wewe ni mtoto wa hapa. Mimi nikikaa bila kufagia, siku ya kwanza wataniuliza kama naumwa. Siku ya pili wataniuliza narudi lini."

"Hawatakuuliza."

"Wewe umejuaje? Umewahi kukaa kwa watu?"

Imelda hakuwahi. Alirudi jikoni, akamkuta mama yake anachambua mchele kwenye ungo. Akakaa kwenye kibao, akaanza kuchambua upande wa pili, jambo ambalo lilimfanya mama amtazame mara mbili.

"Mama, Evodia hakuja kufanya kazi."

"Kwani nani kamtuma? Mimi? Anafanya mwenyewe kwa moyo wake."

"Na mimi nilikuwa nafanya nini kwa moyo wangu?"

"Wewe ulikuwa unasoma."

Mama alilisikia neno lake mwenyewe likitoka. Akaokota jiwe kwenye mchele, akaligeuza geuza kama anatafuta limetoka duka gani, akalitupa. Nje ufagio ulikuwa unakwenda, shwa, shwa, bila kupumzika.

"Mtihani wao lini?"

"Ni uleule wangu, mama. Novemba."

"Ah." Akachambua tena. "Na mama yake ana umri gani?"

"Hamsini na sita."

"Mimi arobaini na tatu."

"Najua."

"Na nikaitikia."

"Uliitikia."

"Sasa wewe si ungenikanyaga mguu!"

"Ulikuwa umeshaitikia, mama."

Mama Imelda akaweka ungo chini. Alikwenda mlangoni, akasimama huku amejishika kiuno.

"Evodia! Weka huo ufagio."

"Nimefika nusu, mama."

"Nimesema weka. Kuanzia leo sitaki kukuona na ufagio, wala ndoo, wala dukani kwangu. Shati la mume wangu ukilishika tena tutagombana. Una mtihani. Nenda kasome."

Evodia alisimama katikati ya ua. Alimtazama mama, akamtazama Imelda, akitafuta nani amemsemea vibaya. "Nimekosea nini, mama?"

"Hujakosea kitu. Mimi ndiyo nimekosea. Mpe Imelda huo ufagio."

"Mimi?" Imelda akashtuka.

"Si umesema mwenzio hakuja kufanya kazi? Kazi haijaondoka. Jumapili utafagia wewe. Siku nyingine nitafagia mwenyewe, na baba yako atajifulia, ana mikono."

Kutoka sebuleni Bwana Lucian aliuliza kuna nini. Hakujibiwa.

Evodia akamkabidhi Imelda ufagio kwa mikono miwili, taratibu, kama unavyompa mtu mtoto mchanga wa kwenu. Halafu mikono ikakosa pa kukaa. Akaifuta kwenye sketi.

"Nikasomee wapi?" akauliza.

"Chumbani kwako," akasema Mama Imelda, na safari hii hakutaka kulirudisha neno.

Wasichana wakaingia chumbani. Wiki tatu zile Evodia alikuwa anasomea kitandani, amekunja magoti, daftari juu ya mapaja. Meza ilikuwa imejaa vitu vya Imelda: mafuta ya nywele, boksi la viatu, picha za kipaimara, rundo la madaftari ya kidato cha kwanza, kioo. Hakuna aliyemkataza Evodia kuvisogeza. Hakuna aliyemwambia asogeze. Vilikuwa na vumbi kila kimoja mahali pake, wakati chumba kizima kilikuwa kinang'aa.

Imelda akavibeba vyote, mara mbili, mara tatu, akavirundika uvunguni. Evodia alifuta meza, akavuta kiti, akakaa. Alivipima kwanza, kiti na meza, kwa viwiko. Akafungua ukurasa wa arobaini na sita. Kulikuwa na swali la tisa, la kivuli cha mnara na pembe, ambalo Imelda alilijua vizuri kwa kuwa yeye alikuwa ameliruka.

Imelda alisimama kando ya dirisha, ufagio mkononi. Alihisi kuna neno lilikuwa bado halijasemwa, na kwamba lilikuwa lake kulipokea. Akangoja. Evodia akachora mnara. Akachora kivuli. Akatafuta kikokotoo mfukoni, akakumbuka hana, akaanza kugawanya kwa mkono pembeni ya ukurasa.

"Imelda," akasema bila kuinua kichwa.

"Ee?"

"Sogea. Unanizibia mwanga."

Imelda akasogea. Akangoja kidogo tena, kisha akatoka nje. Nusu ya ua ilikuwa imebaki.